Hatamu niliyoshona kwa mikono yangu kaiita SIDIRIA mbele ya kijiwe kizima

Mwangaluka wakuu.

Jina sitaji, wala sina haja ya kulitaja. Mtu yeyote wa Tabora anayepikia mkaa anamjua. Mkokoteni wa kijani, tairi la kushoto linalia kama mtoto wa paka, na yeye mwenyewe akiongea stesheni wa Isevya wanaitika. Huyo huyo. Leo saa nne asubuhi kanirushia usoni hatamu niliyomshonea punda wake, watu wamejaa, akasema: "Chukua sidiria yako. Punda wangu ni dume."

Sidiria!

Nina miaka 11 kwenye ngozi. Nimeshona viatu, mikanda, ala za mapanga, mikoba ya wazee wa tumbaku wa Urambo ambayo hadi leo wanaibeba. Nimeshatukanwa kwa kuchelewesha, kwa bei, kwa kila kitu. Lakini kazi yangu haijawahi kuitwa nguo ya ndani.

Sikilizeni ilivyokuwa. Huyo punda alikuwa anapita mbele ya kibanda changu kila siku na waya wa kufungia nondo kwenye pua. Waya! Zamani uliviringishiwa kitambaa, kitambaa kikaisha, ukabaki waya mtupu. Juu ya pua kidonda, na nzi walikuwa wamehamia humo ukoo mzima, naamini walishachagua hadi balozi wa nyumba kumi. Halafu kaufunga chini kabisa, pale mfupa wa pua unapokwisha na kubaki nyama laini ya kupumulia. Punda ni kama farasi, hapumui kwa mdomo. Hawezi, kaumbwa hivyo, kaakaa laini limeifunga njia ya mdomoni. Wewe ukibanwa na mafua unaachama, maisha yanaendelea. Yeye ukimbana pua umemaliza, na nyuma ana magunia manane na jua la mwezi wa kumi la Tabora mnalijua.

Nikamwita mimi mwenyewe. Nikamwambia kaka, njoo nikushonee kitu cha maana, elfu kumi na mbili tu, lete tano, nyingine utamalizia. (Saba zangu hadi leo sijaziona, lakini hiyo siyo hoja ya leo.) Siku mbili nimeinamia ile hatamu. Ukanda wa pua ngozi ya ng'ombe, upana vidole vitatu, ndani nimeweka blanketi lisimchubue. Bizimu pande mbili, apandishe au ashushe apendavyo. Nikauweka juu, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Nikamshika mkono nikamwonyesha: ukishafunga, vidole viwili viingie kati ya ukanda na mfupa, hapa JUU ya pua. Usipime pembeni, pembeni pana nafasi, vidole vitapita hata kama umemnyonga. Akaitikia. Akasema "ahsante fundi." Kwa mdomo ule ule!

Haya mambo sikuyaota. Shemeji yangu anatunza farasi Usa River kule Arusha, ndiye aliyenifundisha. Ananiambia hata kwenye mashindano makubwa ya dunia watu walikuwa wanakaza ukanda wa pua mpaka farasi hawezi kufungua mdomo, ili majaji wasione anavyosumbuliwa na lijamu, kile chuma cha mdomoni. Mwaka 2025 FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, wakaleta kipimo maalumu. Kinapitishwa juu ya mfupa wa pua, nafasi ya sentimita 1.5 lazima iwepo, kisipopita hushindani. Farasi wa mamilioni anapimiwa pumzi kwa rula. Wa kwetu anafungwa kama nondo za msingi.

Siku nne tu. Siku ya tano, ambayo ndiyo leo, nainua kichwa naona mkokoteni wa kijani, na punda ana WAYA. Hatamu yangu ameikata katikati, amefungia gunia la mkaa! Nikamuuliza kwa upole kabisa, kaka vipi tena? Akasema ngozi inampa punda kiburi, eti juzi treni imepiga honi kwenye makutano ya reli, punda akasimama kama mnazi. Nikamwambia punda akiogopa ndivyo anavyofanya. Farasi hukimbia, punda husimama kwanza aangalie. Hicho siyo kiburi, hiyo ni akili. Hapo ndipo alipoichomoa kwenye gunia, ikiwa na vumbi la mkaa, akanirushia. Chukua sidiria yako. Punda wangu ni dume.

Kicheko mlichosikia huko Cheyo mkadhani ni radi, kilikuwa hicho. Mama chapati kadondosha mwiko kwenye mafuta. Kinyozi kamwacha mteja na nusu kichwa akatoka nje kushuhudia. Mzee mmoja hapo kijiweni, meno yake sijayaona tangu nimfahamu, leo nimeyahesabu. Bodaboda wakapiga honi. Na punda amesimama pale, damu inamchuruzika puani, hakuna hata mmoja aliyemtazama, wote wanaitazama "sidiria."

Saa saba mchana mtoto kaja na kandambili mkononi: "Mama kasema nimpelekee fundi sidiria."

Wakuu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Ipo! Mimi natetemeka hapa, hata sindano sijaishika tangu asubuhi. Sidiria!

Mzee wa Gongoni: Uzi bila picha. Tuone sidiria.

Binti Ng'ambo: Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Pole fundi. Saizi gani lakini?

Dereva Tukutuku: Nilikuwepo. Mleta uzi kasahau kusema aliishika ile hatamu akaisimamisha juu kuwaeleza watu kwamba hivi ni vikombe vya mashavu. Ndugu yangu, ulimmalizia kazi.

Fundi Ngozi (mleta uzi): Sikusema vikombe! Nilisema mikanda ya mashavu! Inapita mashavuni inashikilia ule wa pua, bila hiyo hatamu inateleza. Mnageuza maneno ya mtu.

Mkokoteni Hauna Spea: Mimi naendesha punda mwaka wa tisa, nimtetee mwenzangu. Nyie mnaokaa vibandani hamjawahi kuteremka na magunia manane punda akiwa ameshakolea. Pale unatafuta kitu kimoja tu, kitu cha kumsimamisha. Ngozi yenye blanketi anaiona kama anabembelezwa. Waya anausikia.

Fundi Ngozi (mleta uzi): Anausikia saa ngapi? Saa zote! Hata akiwa amesimama anakula majani anausikia. Punda anajifunza pale unapovuta, akatii, ukaachia. Kule kuachia ndiyo ahsante yake. Waya hauachii kamwe, sasa atajuaje lini amefanya vizuri? Na mteremko, mkuu, ni kazi ya breki, siyo kazi ya pua. Fungeni breki kwenye mikokoteni.

Mkokoteni Hauna Spea: Breki unashona wewe?

Mnyamwezi wa Ulyankulu: Hivi huku kwetu na habari za farasi wapi na wapi? Stanley, yule mpelelezi Mzungu, mwaka 1871 alitoka pwani na farasi wawili, wakafa njiani, hawakufika hata Unyanyembe, yaani Tabora hii. Mbung'o wa miombo hawajui FEI. Tuongelee punda.

Fundi Ngozi (mleta uzi): Mkuu ndiyo naongelea punda. Pua ni ile ile.

Askari Mstaafu: Nimekaa na farasi kazini miaka mingi Dar. Fundi yuko sahihi kwa kila alichoandika. Farasi aliyefungwa mdomo anaonekana ametulia, kumbe amenyamazishwa. Ukimlegeza ndipo unagundua kumbe jino lina kidonda au lijamu limekaa vibaya. Na kijana asije akakushauri umvalishe punda lijamu baada ya kusoma hapa, chuma cha mdomoni kwenye mkono usiojua ni shoka. Kama hakuna ngozi, hata kamba pana ya pamba inafaa. Manila inakata, na tyubu ya baiskeli jasho linakaa chini yake ngozi inachubuka.

Binti Ng'ambo: Afande na wewe umekuja kutetea sidiria?

Nzega Ndogo: Huyo punda ashukuru ngozi bado iko mwilini mwake. Kuna wakati punda walikuwa wanaibwa usiku, asubuhi unakuta mzoga umechunwa. Mpaka Umoja wa Afrika mwaka 2024 ukakaa na kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda bara zima. Mimi walinichukulia watatu. Nyie mnalilia waya.

Jembe la Maksai: Kwetu maksai wanatobolewa pua kabisa wanatiwa shemere, hatujawahi kufungua uzi.

Mama Wawili Isevya: Subirini kwanza. Fundi, wewe ndiye wa kibanda chenye mwavuli wa njano? Raba za shule za mwanangu nilizileta mwezi wa saba. Kumbe muda wa kushonea punda unao, tena siku mbili umeinamia, blanketi na bizimu! Mwanangu anakwenda shule na kandambili.

Mzee wa Gongoni: Aaah! Kumbe na mimi viatu vyangu vya harusi viko huko.

Dereva Tukutuku: Punda anavaa kabla ya mtoto. Mafundi viatu wa mji huu ni kabila moja. "Njoo kesho," na kesho yenyewe haina tarehe.

Fundi Ngozi (mleta uzi): Mama wawili, soli ya saizi ile haikuwepo, nilikueleza. Njoo Jumamosi. Lakini naomba tusitoke kwenye mada. Mtu kachukua kazi ya mikono ya mwenzake, kaikata, kairusha na mkaa wake, akasema chukua sidiria yako…

Mama Wawili Isevya: Jumamosi ya mwaka gani?

Mzee wa Gongoni: Tukizungumzia mkaa, huyo huyo wa mkokoteni wa kijani juzi kaniuzia gunia. Juu mkaa mzuri wa mti mgumu, katikati majani na chenga, chini udongo. Nilipolimwaga nilidhani nimechimba kaburi la panya.

Binti Ng'ambo: Na ukimwambia anakujibu "ndivyo msitu ulivyoamka." Mimi alinijibu hivyo mbele ya mume wangu!

Jembe la Maksai: Wa Sikonge ndio wenye mkaa wa kweli. Huyo anachukua wa mwembe, unawaka kama gazeti.

Mkokoteni Hauna Spea: Msitujumlishe wote. Mimi gunia langu ukilimwaga ni mkaa mpaka chini.

Nzega Ndogo: Hamieni gesi.

Binti Ng'ambo: Maharage kwenye gesi? Utalipia wewe?

Fundi Ngozi (mleta uzi): Wakuu, nimepita pale stesheni jioni hii. Punda bado ana waya. Nimeishona upya ile hatamu pale ilipokatwa, ninayo hapa mezani. Nani anaweza kwenda kuongea na huyu mtu, mimi akiniona ataanza tena?

Mzee wa Gongoni: Mkokoteni Hauna Spea, unapatikana upande gani? Gunia bei gani leo?

Mkokoteni Hauna Spea: Kiloleni. Nicheki pembeni mkuu.