Nyasi nilizotandaza zimeniletea magugu zaidi

Mgeni wa Jembe (Maseno)
Hamjambo wakulima wenzangu. Tangu Februari ninatunza kishamba cha robo ekari nyuma ya nyumba kwa mtindo wa pamakalcha, yaani bila kugeuza udongo kila msimu na bila dawa ya kuua magugu. Nina migomba, kunde, sukuma wiki na mistari michache ya mahindi. Kabla ya masika nilitandaza nyasi nilizokata kando ya barabara, nikiamini kwamba zingeyazuia magugu, lakini zimeota zenyewe. Sangari nayo, ile nyasi sugu inayotambaa, inapenya matandazo kana kwamba hayapo, na kwenye mahindi umetokea mmea wenye maua ya waridi ambao jirani anauita kayongo. Yeye ananihimiza nipulizie dawa. Sitaki, ila mgongo umechoka kwa kung'oa. Nimekosea wapi?

Nyanya wa Bahati (Nakuru)
Pole, mjukuu wangu. Nyasi ulizokata zilikuwa zimekwisha kukomaa, kwa hiyo ulijipandia mbegu kwa mikono yako mwenyewe. Mimi pia niliwahi kufanya hivyo, na kwa mwaka mzima nikawa navuna kishona nguo. Kata nyasi kabla hazijachanua, au tumia mabua ya mahindi, majani ya migomba na matawi mateke ya tithonia (alizeti mwitu), ambayo huoza upesi na kuurutubisha udongo.

Sangari ni jambo jingine kabisa. Matandazo huyazuia magugu yanayoota kwa mbegu kwa sababu huyanyima mwanga, lakini sangari ina mashina marefu yanayotambaa chini ya udongo na kubeba akiba yake ya chakula, na ukiyakatakata kwa jembe kila kipande chenye kifundo kinaweza kuchipua. Hapo sharti uvunje kanuni yako ya kutogeuza udongo, walau mara moja: ingia na uma wa shambani udongo ukiwa na unyevu kidogo, inua taratibu, uyavute mashina hayo yakiwa mazima, kisha uyaanike juani juu ya bati mpaka yakauke kabisa. Usiyatupe kwenye mboji yakiwa mabichi. Safisha kitalu kimoja, tandika maboksi ya katoni yaliyoloweshwa, ongeza matandazo mazito juu yake na upande viazi vitamu vifunike ardhi, ndipo uhamie kitalu cha pili. Robo ekari yote kwa mpigo itakushinda.

Mzee wa Vihiga
Niongeze kuhusu kayongo, kwa kuwa huku kwetu tunaijua vizuri. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya kabla hata hujaiona juu ya ardhi, hivyo unapoona maua madhara yamekwisha kutokea. Hata hivyo ing'oe sasa, kabla haijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa hai udongoni kwa miaka mingi. Msimu ujao panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Mbinu hii iliendelezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita: mizizi ya desmodiamu huzichochea mbegu za kayongo ziote na wakati huohuo huzizuia zisijishikize kwenye mahindi. Zaidi ya hayo, ng'ombe huipenda desmodiamu.

Mgeni wa Jembe (Maseno)
Asanteni sana, wazee wangu. Je, mchicha wa porini, mnavu na mgagani ulioota wenyewe, niung'oe pia?

Nyanya wa Bahati (Nakuru)
Ung'oe uupeleke jikoni! Bakiza miche michache ikomae, ili upate mbegu za msimu ujao. Kongwa, ile yenye ua dogo la buluu, usiiache juu ya udongo wakati wa mvua, kwani itashika mizizi tena siku chache tu baada ya kung'olewa. Mimi huwapa sungura.