Mtwara: Mnatuita kutoa maoni ya bajeti wakati rasimu mmeshaichapa, boma la zahanati yetu linaoza!

Wakuu, nimetoka kwenye mkutano wa hadhara wa bajeti ya halmashauri yetu huku uwanda wa Makonde na nina hasira, sitaki kulala nalo moyoni.

Mbiu imepigwa tangu juzi. Watu wameacha shughuli zao, kinamama wamekuja na watoto mgongoni, tuseme vipaumbele vyetu vya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Afisa mipango kasimama na kabrasha lake, na ndani ya kabrasha rasimu imeshachapwa, mafungu yameshagawanywa. Kilichokuwa kinatakiwa kwetu ni saini kwenye karatasi ya mahudhurio, ili wakaandike kwamba wananchi walishirikishwa.

Watu wakaanza kuuliza. Maji? Jibu: hilo ni la RUWASA. Barabara? Hiyo ni ya TARURA. Umeme? Nendeni TANESCO. Haya, TARURA ipo tangu 2017, RUWASA tangu 2019, hatubishi na wala leo sina ugomvi na vyombo hivyo. Lakini zahanati, madarasa ya shule ya msingi, matundu ya vyoo vya watoto wetu, hayo ni ya halmashauri na hakuna pengine pa kuyatupia.

Sasa sikilizeni habari ya zahanati. Boma lile tumelijenga wenyewe. Tulikaa mkutano mkuu wa kijiji tukakubaliana tukatwe kidogo kwa kila kilo ya korosho tunayopeleka chama cha msingi cha ushirika. Vijana wakasomba mchanga. Maji ya kufyatulia matofali yalibebwa na kinamama kichwani kutoka bondeni, na aliyewahi kuishi uwandani anajua ndoo moja ya maji huku ina thamani gani. Tukafika lenta. Tuliahidiwa kwamba tukifika hapo halmashauri inaezeka na kumalizia. Mpaka leo hakuna hata bati moja. Ingieni mkaone: nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta zimekula kutu, mvua imetafuna udongo kati ya tofali na tofali, na katika chumba tulichokipangia kujifungulia umeota mkorosho, sasa unanifika kifuani.

Mama mmoja akasimama. Mkwe wake alishikwa uchungu usiku, wakampakia kwenye bodaboda kwenda zahanati ya kata nyingine, na ile njia yetu ya mchanga pikipiki inazama hata mchana. Hakufika. Alijifungulia shambani, chini ya mikorosho, kwa mwanga wa simu. Mama akamwuliza afisa, kwa upole kabisa: "Mwanangu, bati za kuezeka lile jengo ni shilingi ngapi?" Akajibiwa: "Nimelichukua mama, tutalifanyia kazi." Maneno hayo hayo tuliyoambiwa kwenye mkutano wa mwaka jana! Kwenye rasimu aliyoishika mkononi kuna fungu la samani za ofisi, kuna fungu la gari, kuna posho za vikao. Bati hazimo. Mmewezaje kuandika viti vya ofisi mkamwacha mzazi azae porini?

Mzee wetu mmoja ndiye aliyesema la maana kuliko wote. Alisema msituulize tunataka nini kabla hamjatusomea kilichopatikana. Kila kilo ya korosho inayouzwa mnadani ina ushuru wa halmashauri wa asilimia 3. Anaulipa mnunuzi, lakini kila mkulima anajua mnunuzi anaupigia hesabu kabla hajaandika bei yake. Korosho zetu zina stakabadhi, zimepimwa ghalani, kilo zinajulikana mpaka ya mwisho. Basi semeni: chama chetu cha msingi kimeuza kilo ngapi msimu huu, ushuru wake ni shilingi ngapi, umekwenda wapi? Na ule mgao wa asilimia 20 unaotakiwa kurudi vijijini, sisi tumeletewa lini? Afisa akageuka kumtazama diwani, diwani akatazama saa.

Tulishaona mwaka 2018 fedha za ushuru wa kusafirisha korosho nje, ile asilimia 65 iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, zikihamishiwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele wakashindwa. Ile ilikwenda mbali, mkono wetu haukufika. Hii asilimia 3 inabaki hapa hapa wilayani, na wanaoigawa tunawapigia kura!

Kijana mwingine akauliza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, ni vikundi gani vya kata yetu vimepata tangu iliporudishwa 2024 baada ya kusimamishwa. Akaambiwa afike ofisini. Nauli ya kwenda na kurudi wilayani ni kibarua cha siku nzima, na majina yale yalipaswa kubandikwa kwenye ubao wa kijiji.

Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli ya juu katika mambo ya kijiji. Hatukuomba fadhila ya mtu pale.

Wengi tumekataa kusaini. Tumemwambia mtendaji aandike kwenye muhtasari kwamba kijiji hakikubali rasimu mpaka kuezeka zahanati kuingizwe na hesabu ya ushuru isomwe hadharani, na nakala tumeidai. Diwani, baraza halijakaa, bado una nafasi ya kulisimamia hili.

Ndugu zangu wa Tandahimba, Newala, Nanyamba, na ninyi wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale: kama kijiji chenu kimewahi kusomewa ushuru wa korosho kwa kilo na shilingi, mliwabanaje hao watu? Mliandika barua kwa nani, mkaambatanisha nini? Tunataka kuanza kesho.