Mjadala: Hygiea iitwe sayari kibete au ibaki asteroidi?

Mtazamanyota: Wadau, tangu 2019 darubini kubwa ya kule Chile ilipopiga picha za Hygiea, moja ya asteroidi (mawe ya angani yanayozunguka Jua kwenye ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii), na kukuta ni tufe, sioni hoja ya kuinyima hadhi ya sayari kibete. Inazunguka Jua, si mwezi wa sayari yoyote, uvutano wake umeifinyanga, na haijasafisha njia yake kwa kuondoa mawe mengine. Ceres, jirani yake kwenye ukanda huo, ilipewa kwa vigezo hivyohivyo.

Bakari T: Ceres ina upana wa kilomita 940, hii kama 430, hata nusu haifiki. Halafu jeusi tii kama mkaa, nani analiona?

Mwanahawa: Nani analiona? Kaka Bakari, weusi ndio uliolichelewesha kuonekana! Mwanaastronomia De Gasparis aliliona Napoli, Italia, 1849, likahesabiwa asteroidi la kumi, kumbe kwa ukubwa ni la nne ukanda mzima. Linarudisha asilimia 7 hivi tu ya mwanga. Vesta, asteroidi nyingine, kwa kung'aa kwake ilishaonekana 1807. Na huo weusi ni kaboni, pamoja na madini yaliyowahi kuguswa na maji. Si kitu cha kubezwa.

Bakari T: Dada, usinibebeshe maneno. Nimebeza wapi?

Mwanahawa: Rudi juu ukasome ulichoandika.

Msomi wa Pwani: Nauliza jambo moja. Waliochunguza zile picha wanasema jiwe mama lilivunjwavunjwa na mgongano miaka kama bilioni 2 iliyopita, vipande vikajikusanya upya vikawa tufe. Karibu 7,000 bado vinatangatanga huko. Umbo la namna hiyo linahesabika?

Fundi Saa: Linahesabika kwa nani? Praha 2006, chama cha wanaastronomia wa dunia kilipoamua sayari ni nini, walipiga kura watu mia nne na ushei, na chama kina maelfu. Pluto ikashushwa kuwa sayari kibete hivyohivyo!

Bakari T: Ilikuwa siku ya mwisho ya mkutano, wengine wameshaondoka. Asiyekuwapo na lake halipo.

Fundi Saa: Hiyo peleka kwenye mirathi, Bakari. Maumbile ya anga hayapigiwi kura.

Bakari T: Maumbile hayakupigiwa kura, kilichopigiwa kura ni jina. Tofautisha.

Mtazamanyota: Jamani, Msomi hajajibiwa.

Mama Zuhura: Mimi nafundisha darasa la sita. Pluto nilivyoifuta ubaoni, watoto waliniuliza kosa lake nini. Fundi Saa yuko sahihi.

Bakari T: Mwalimu, kwa heshima zote, ulitaka wapige kura wangapi?