Naomba ushauri: wakufunzi wa Poland au Estonia kwa halmashauri za Moldova?

Wakuu, naomba ushauri kwa waliowahi kupanga miradi ya namna hii. Msaada ni wa kufundisha jinsi ya kuunganisha halmashauri Moldova. Ziko karibu 900, nyingi hazifikishi hata watu 1,500.

Mfadhili anataka wakufunzi wa Poland. Tatizo ni kwamba Poland ilipochagua mabaraza yake Mei 1990, gmina (halmashauri za huko) zilikuwa zimeshaunganishwa na wakomunisti mwaka 1973. Mpoland atafundisha vizuri mgawo wa kodi ya mapato, lakini siyo namna ya kufunga ofisi ya kijiji, kukabidhi madeni na mafaili, na kumtuliza meya anayepoteza kiti. (Hapo ndipo mambo hukwama, siyo kwenye sheria.)

Estonia imepitia hilo: 2017 ilishuka kutoka halmashauri 213 hadi 79, kigezo kikiwa angalau wakazi 5,000, kwanza hiari yenye ruzuku, kisha lazima. Ukraine nayo ilianza na hiari 2015.

Kwa mafunzo ya siku 5, niwape Poland siku 2 za fedha na Estonia 3? Au nilete maofisa wa Ukraine, ambao kumbukumbu zao bado mbichi?