Uzi wa tuliofundisha kwa kujitolea shule za kijijini: tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Mdogo wangu kamaliza shahada ya ualimu, ajira hazijamfikia, na shule moja ya kata imemwita akajitolee Hisabati. Kaniuliza maisha ya huko yakoje. Nimeona tuliopitia tumwage yetu hapa ajisomee. Naanza mimi.

Nilijitolea miaka miwili, sekondari iliyo mbali na lami. Hisabati nilikuwa peke yangu, Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne. Posho ilitoka kwenye michango ya wazazi, tulikubaliana kwenye kikao elfu sabini kwa mwezi. Nilichokuja kugundua ni kwamba mzazi mkulima ana hela baada ya mavuno tu. Msimu wa kulima ukifika, mwezi unapita na mwingine unapita. Waungwana walinipa mahindi, kuku, hata kuni. Njaa sikulala nayo. Tatizo lilikuwa nauli, maana konda hapokei debe la mahindi.

Lakini kilichonitesa kuliko posho ni mvua. Chuoni hawakutuambia. Paa la bati, dari hakuna. Ikianza kunyesha hata wa dawati la mbele hakusikii. Wiki ya kwanza ya masika nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikawa nanong'ona kama mgonjwa. Darasa la jirani alikuwepo mzee mmoja wa Kiswahili, karibu kustaafu. Nikachungulia dirishani nijue yeye anafanyaje. Amegeukia ubao, kaandika swali, kanyamaza. Watoto wanaandika. Anapita kati ya madawati, akiona kosa anaweka kidole hapo, anasubiri mtoto afute, anasogea. Neno halijatoka.

Nikaiga. Kila andalio la somo nikawa naliwekea maswali ya mvua pembeni, mengi ya milinganyo. Masika yale nilifundisha x na y kibubu. Mtihani wa muhula ulipokuja, milinganyo ndiyo waliyoifanya vizuri kuliko mada zote nilizohubiri kiangazi! Mpaka leo najiuliza huwa naongea nini darasani.

Halafu siku ya gulio usianze mada mpya. Nusu ya darasa iko sokoni inauza nyanya.

Binti wa Chaki
Mleta uzi, wewe ulipata wanaokuelewa ila hawakusikii. Mimi walinisikia vizuri tu. Msingi, huko Usukumani, Darasa la Kwanza, 2017. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma, wazazi wameleta watoto wote, hata waliochelewa umri. Nilikuwa nao zaidi ya mia, wengi Kiswahili wanakisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Siku ya pili nikasema: "Chora mstari." Kundi zima likainuka, likatoka mbio nje, likajipanga mbele ya mlingoti wa bendera, warefu nyuma wafupi mbele. Mstari wanaoujua ni huo wa asubuhi! Nikabaki na chaki mkononi. Mwalimu wa zamu akaja kuniuliza nani kagonga kengele (kengele yenyewe rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni).

Nikaomba binti wa Darasa la Tano awe anakuja dakika kumi kabla ya vipindi vyake anitafsirie. Na mimi nikajifunza. Nilipoingia nikasema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, walicheka hadi wengine wakalala chini, eti matamshi yangu. Kuanzia hapo hawakuniogopa tena. Mdogo wako akienda, salamu ya watu wa pale aijue kabla ya kumjua mtendaji wa kijiji.

Miaka Minne
Hongereni kwa hadithi tamu. Mimi nilijitolea miaka minne. Majina ya ajira yalipotoka sikuwemo, akaletwa mwingine somo langu hilohilo, nikamkabidhi shajara na funguo. Hakuwa na kosa, kijana wa watu. Ila nilipotaka barua ya kuthibitisha miaka yangu, mkuu aliyenipokea alishahamishwa, na mpya akasema kumbukumbu zangu hazioni. Barua idaiwe siku ya kuripoti, yenye tarehe na mhuri. Undugu baadaye.

Mwalimu wa Ukambani
Huku Kenya tunaitwa walimu wa BOM, kwa sababu ni bodi ya shule inayotuchukua. Nambari ya TSC (tume ya serikali inayosajili na kuajiri walimu) ninayo, kazi ya TSC bado. Mshahara hutegemea wazazi wamelipa au la, kwa hivyo hapo tuko sawa na nyinyi. Kwetu shida ni maji. Kiangazi kikikaza, wanafunzi huja na vitabu mkono mmoja, mtungi mkono mwingine, na anayetoka mbali hufika amechoka, analala kipindi cha kwanza. Niliacha kuwaamsha. Hesabu ngumu nilisukuma baada ya chakula cha mchana.

Mleta uzi
@Miaka Minne pole sana kaka, hiyo ya barua nimemtumia mdogo wangu sasa hivi. Kajibu kwamba keshapewa chumba, ni stoo ya vitabu, na ina popo. Mwenye dawa ya popo aiweke hapa kabla ya Jumatatu.