Tupeane uzoefu: kijiji na mji tunavyotegemeana Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada, Uyole
Ndugu zangu, hapa Uyole, barabara ya Tukuyu na Kyela inapoungana na barabara kuu iendayo Zambia, ndizi, viazi na mchele hushushwa tangu alfajiri, kisha magari yaleyale hurudi vijijini na mbolea, saruji na sabuni. Naomba tuelezane jinsi tunavyoyaishi mahusiano haya, hasa pale faida inapoelemea upande mmoja.

Mkulima wa viazi, Isongole
Kwetu mzani uko mikononi mwa mnunuzi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, lakini dalali huja na vijana wake, wakalijaza gunia hadi mdomoni, kisha wakalishonea kilemba cha neti juu yake na kukijaza viazi vingine, na bei ikabaki ya gunia moja. Ukikataa lumbesa, anahamia shamba la jirani, nawe unabaki na viazi vilivyokwisha kung'olewa. Kilichotupa ahueni kidogo ni simu: binti yangu anayeishi Mwanjelwa hunitajia bei ya sokoni kabla dalali hajafika, naye dalali, kwa kweli, hapendi mkulima mwenye binti mjini.

Muuza nguo, Mbeya mjini
Nikiri kwamba hata sisi wa mjini tunabebwa na vijiji. Soko la Sido lilipoungua mwaka 2017, wachuuzi wa minadani waliokuwa wamechukua mzigo wangu kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, walinilipa taratibu baada ya mavuno, na fedha hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye biashara.

Mkulima wa nyanya, Ilula
Lori likikwama kwenye mlima Kitonga, hasara ni yangu hata kama matenga yalikwisha kupakiwa, kwa sababu mnunuzi wa Dar es Salaam hulipa kwa hali ya nyanya zinapofika.

Mtumishi, Mbeya
Mimi nalima mpunga Igurusi nikiwa mjini, nikiwaelekeza vibarua kwa simu, kilimo cha simu kama mnavyokiita. Vibarua wanapata ujira na mashine za kukoboa zinapata kazi, lakini lipo jambo ambalo sisi wa mjini hatulisemi: kwa kuwa tunalipa kodi ya shamba taslimu kabla ya msimu, wenye mashamba hutukodisha sisi kwanza, na vijana wa kijijini husukumwa kwenye majaruba ya mbali yasiyofikiwa vizuri na maji ya mfereji.