Vitz niliyoinyanyua inatetema nikipanda mlima wa Kitonga, nikishuka imetulia

MamaVifaranga:

Habari zenu wakuu. Naomba wenye ujuzi wa magari madogo mnisaidie kabla sijanunua spea ya kubadilisha kitu ambacho hakina kosa.

Gari ni Vitz ya injini ndogo, ile ya pistoni tatu, cc 996, gia otomatiki. Nauza dawa za kuku na mifugo. Nakaa Iringa mjini ila wateja wangu wako vijijini huko Kilolo, na lami inapoishia ndipo kazi yangu inapoanzia. Masika malori ya mbao yanaichimba barabara, yanaacha tuta katikati na mifereji miwili pembeni. Vitz ikiingia pale inatembelea tumbo. Kinga ya chini ya injini iling'oka zamani, na siku fundi aliponionyesha mkwaruzo kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) nikasema basi, gari inyanyuliwe.

Akachongesha spesa za aluminiamu za milimita 40. Za mbele kazipachika juu ya shokapu, kati ya shokapu na bodi, akaweka bolti ndefu. Nyuma kaweka spesa za plastiki ngumu kwenye springi. Tukaenda kufanya alaimenti. Matairi ni yaleyale, 165/70R14. Na kwa kazi niliyoitaka, gari imekuwa gari: inapita juu ya tuta na sisikii tena ule mlio wa chuma unaonipandisha presha.

Tatizo ni mtetemo. Usukani umetulia, ila sakafu na kiti vinatikisika kwa kuchelewachelewa, kama gari ina kigugumizi. Kwenye lami tambarare nikienda na 60 nikigusa mafuta kidogo tu, hakuna kitu. Nikikanyaga kwa nguvu nilipite lori, chupa za dawa zinaanza kugongana ndani ya maboksi. Nikiachia mafuta, kimya papo hapo. Juzi nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni: Kitonga yote nimeipanda natetemeka, toka chini mpaka juu. Asubuhi yake niliishuka hiyohiyo Kitonga na gari haikutingishika hata kidogo.

Kuna jambo lingine linanishangaza. Nikimpakia dada yangu kiti cha mbele (ni mtu wa mwili wake, Mungu amjalie) mtetemo unapungua. Nikijaza maboksi nyuma na mbele niko peke yangu, unazidi.

Matairi yamebalansiwa, na kijana wa mashine kanionyesha namba zikisoma sifuri. Fundi wangu anasema maunti za injini, zile raba zinazoishikilia. Mwingine anasema gia boksi inataka hidroliki mpya. Wa tatu anataka kubadilisha sivi zote (jointi za shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) kulia na kushoto. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja ana bei yake. Nianzie wapi?

BodaMstaafu:

Uza hiyo mama, chukua Escudo. Vitz ni gari ya kupeleka watoto shule.

MamaVifaranga:

Kaka, hiyo Escudo mafuta utakuwa unanijazia wewe? Vifaranga wenyewe faida yake unaijua?

KijanaWaIlula:

Kamwene mama. Rimu ni za kiwandani au umebadilisha? Za kununua dukani mara nyingi tundu la katikati ni kubwa kuliko kitovu cha Vitz, ambacho ni milimita 54.1, rimu inakaa kwa kushikwa na nati tu. Mashine ya balansi inasoma sifuri, ukienda barabarani inacheza. Na je, fundi hakukuwekea spesa za rimu vilevile, zile za kutanua matairi nje?

MamaVifaranga:

Kamwene. Rimu ni za chuma zilizokuja na gari, na spesa za rimu hakuna.

Spana17:

Mama, majibu umeshayatoa mwenyewe kwenye swali, kilichobaki ni kuyapanga.

Mtetemo wa tairi au rimu hufuata spidi. Ukifika 80 au 90 unakuja, na hata ukiachia mafuta uko palepale mpaka spidi ishuke. Wa diski hufuata pedeli ya breki. Maunti ikifa utaisikia zaidi gari ikiwa imesimama, gia iko kwenye D na mguu uko kwenye breki. Hiyo injini ya pistoni tatu hutetema kidogo pale hata ikiwa mpya, kwa hiyo usiuziwe maunti kwa kigezo hicho. Wa kwako unafuata mguu wa mafuta: ukikanyaga upo, ukiachia haupo. Hapo tazama shafti za mbele, hasa sivi za ndani, zile zinazoingia kwenye gia boksi.

Sivi ya ndani ni kikombe chenye njia tatu, na rola tatu zinatembea humo. Shafti ikiwa imekaribia kunyooka, rola hazihangaiki. Ukiilaza shafti, kila rola inalazimika kwenda na kurudi ndani ya njia yake kila shafti inapozunguka. Sasa kanyaga mafuta: nguvu ya injini inazibana rola kwenye kuta za njia zikiwa katika kwenda na kurudi huko, na shafti inasukumwa kwa urefu wake mara tatu kwa kila mzunguko. Ndiyo hicho kigugumizi chako. Ukiachia mafuta, rola zinalegea na kila kitu kinatulia. Kwa hiyo sivi inaweza kuwa nzima kabisa na gari ikatetema, kwa sababu ya pembe tu. Ukinunua mpya ukaifunga kwenye pembe ileile, mtetemo utapungua kwa muda halafu utarudi.

Spesa za 40 zimeteremsha gurudumu milimita 40 hivi, wakati gia boksi imebaki ilipo. Na kwenye Vitz gia boksi iko upande wa kushoto, kwa hiyo shafti ya kushoto ni fupi na ndiyo inayoumia. Chukua mfano: shafti ya sentimita 40, ukishusha ncha yake milimita 40 umeongeza pembe karibu digrii 6. Ile ya sentimita 70, kwa kushuka kulekule, ni digrii 3 na kidogo. Ukisikia mtetemo unatokea zaidi chini ya kiti cha abiria, usishangae.

Dada yako naye anakusaidia. Uzito wake unashusha pua ya gari, pembe inapungua. Maboksi yanashusha mkia na pua inanyanyuka, pembe inazidi, halafu na wewe unakanyaga zaidi kwa sababu ya mzigo.

Mimi ningefanya hivi. Spesa za mbele zipelekwe kwa mchongaji azikate zibaki milimita 20. Tairi zikiisha, badala ya 165/70R14 chukua 175/70R14: kipenyo kinaongezeka milimita 14, maana yake gari inapanda milimita 7 bila kugusa pembe ya shafti hata kidogo, kwa sababu kitovu na gia boksi vinapanda pamoja. Saa ya spidi itasoma pungufu kama asilimia 2, nayo hiyo si hoja sana, ila kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama tairi haigusi. Nyuma acha hizo 40. Vitz ya kuvuta mbele ina bimu tu kule nyuma, hakuna shafti ya kulalamika, na mzigo wako utaishusha hata hivyo.

Kabla hujakata chochote, pima kwa futi kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, gari ikiwa sakafu tambarare. Usipime toka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Andika namba za magurudumu yote manne.

Na jambo moja nakuomba sana: fundi asije akainua gari kwa jeki, magurudumu ya mbele yakining'inia hewani, halafu akawasha na kukanyaga mafuta ili "asikilize". Magurudumu yakining'inia shafti zinalala vibaya kuliko zinavyolala barabarani, na kwako ni zaidi kwa sababu spesa iko juu ya shokapu, inaruhusu gurudumu kushuka chini zaidi ya ilivyopangwa. Itatetema gereji nzima, ataita wenzake, watakubaliana kwamba sivi zimekufa. Na zikiendelea kuzungushwa hivyo zitakufa kweli.

Pale pale magurudumu yakining'inia (injini imezimwa!) angalia paipu ya breki na waya wa ABS kama vimevutika. Hilo ni muhimu kuliko mtetemo. Angalia buti za raba za sivi zisiwe na ufa. Bolti alizoweka fundi ziwe na alama ya ugumu, 8.8 au 10.9, kwenye kichwa. Kama hazina alama yoyote, zitoe.

Rimu15:

Mbona kuna njia rahisi, unashusha sabfremu (ile fremu ndogo ya chuma chini ya injini) kwa spesa, pembe inarudi kama zamani na unabaki na 40 zako. Kuna jamaa alifanya kwenye gari yake ikatulia.

Spana17:

Inategemea gari. Kwenye Vitz maunti za kulia na kushoto zimeshika bodi, hazikukaa kwenye sabfremu. Ukishusha sabfremu peke yake, injini na gia boksi vinabaki juu, pembe ya shafti haibadiliki. Unachoshusha ni mikono ya chini pamoja na boksi ya usukani, halafu unaanza kuhangaika na jointi ya usukani. Ili ifanye kazi itabidi ushushe na maunti zenyewe, na hapo umeshusha injini na sampo kuelekea kwenye lile tuta alilokuwa analikimbia. Mama huyu kanyanyua gari ili sampo iwe juu.

Rimu15:

Hapo kwenye sampo umenishika.

BodaMstaafu:

Na ile ya kuweka spesa kwenye springi badala ya juu ya shokapu? Si gurudumu halitashuka sana likining'inia?

Spana17:

Kweli, kikomo cha chini kinabaki cha shokapu yenyewe, paipu na shafti zinapona hapo. Lakini gari ikiwa barabarani imenyanyuka vilevile, pembe ya kutembelea ni ileile na mtetemo ni uleule. Tena shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kufunguka, ukitoka kwenye shimo utasikia "ko!" ikifika mwisho. Kwa barabara ya mama hapo sipendekezi.

MamaVifaranga:

Narudi na mrejesho.

Nilipima kama ulivyosema. Mbele kushoto ilikuwa juu kuliko kulia kwa karibu nusu sentimita. Tukafungua, kumbe spesa yenyewe haikuchongwa sawa, upande mmoja nene. Waya wa ABS wa kushoto ulikuwa umevutika mpaka ile klipu yake imepinda, paipu za breki ziko salama. Bolti mbili hazina alama yoyote, tumezitupa.

Spesa zimekatwa zimebaki 20, zote mbili zimepimwa kwa kalipa, nimesimama palepale mbele ya mashine. Fundi hakupenda, ila nilimwambia nitalipa vizuri kama atavumilia maswali.

Kwa kuwa alikuwa ameshafungua, nikaomba tuchomoe shafti ya kushoto tuione. Akafuta grisi yote kwa kitambaa, akaniambia pitisha kidole kwenye njia za kikombe. Njia mbili ziko laini. Ya tatu kidole kinateleza kisha kinakwama kidogo, kuna ngazi nyembamba ambayo kwa macho huioni mpaka uielekezee tochi. Akasema rola imejichimbia. Tumerudisha na grisi mpya na buti mpya, alaimenti imefanywa tena. Kweli matairi yalikuwa yameanza kuvuta nje.

Matokeo: nikiwa peke yangu bila mzigo hakuna mtetemo kabisa, nimekanyaga mpaka mwisho kwenye mlima wa Ipogolo kuingia mjini. Nikiwa na maboksi upo kidogo, ukiongea na mtu husikii. Nadhani ni hiyo ngazi, na nimeshaagiza shafti ya kushoto ya mtumba kutoka Dar. Kwenye tuta sasa inapita karibu kote. Kuna kona moja kabla ya kijiji cha mwisho bado inakwaruza, hapo nimejifunza kuweka tairi moja juu ya tuta na jingine ukingoni. Matairi ya 175/70 nitachukua haya yakiisha.

Spana17:

Safi. Shafti ikifika, kabla ya kulipa mwambie muuzaji afungue buti, pitisha kidole kama ulivyofanya. Ngazi kama ipo utaikuta. Atanuna, mwache anune.

Swali moja: taa za mbele umeshusha?

MamaVifaranga:

Taa zinahusiana nini?

Spana17:

Mkia ukishuka kwa maboksi, mwanga unakwenda machoni mwa wanaokuja mbele. Angalia upande wa kulia wa usukani, chini, kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0. Ukiwa na mzigo peleka 2 au 3.

MamaVifaranga:

Kumbe ndiyo maana malori yote ya Kitonga usiku yananiwashia taa kali. Nami nilikuwa nawajibu.